Sanduku la Kufuli Tatu: Robo Karne ya Vikundi vya Kuweka na Kukopa, Kutoka Jozani hadi Chokocho

Taasisi hii haina jengo wala bango la barabarani. Haina mkurugenzi, haina dereva, na hakuna jalada moja katika ofisi yoyote linaloieleza tangu ilipozaliwa. Anayetaka kuiona hapa Chokocho, huku kusini kabisa mwa Pemba ambako vyombo vya Kisiwa Panza huja kupakia na kushusha, ataikuta ukumbini mwa nyumba ya mtu, mkeka umetandikwa na sanduku la chuma limewekwa katikati. Mkutano ukimalizika taasisi nzima hubebwa mkononi, ikarejeshwa uvunguni mwa kitanda.

Tena hujifuta yenyewe kila mwaka. Wanachama hukaa, hulipana madeni, hugawana hadi shilingi ya mwisho, na sanduku hubaki tupu kabla ya kuanza mzunguko mwengine. Benki ikifanya hivyo tungesema imefilisika. Hapa ndiyo siku ya furaha, siku ya kuvunja, na wenye akili huipanga iangukie karibu na Ramadhani au wakati wa kufungua skuli. Kwa tabia hiyo madaftari ya mizunguko ya zamani huishia kuwashia moto, na mwenye kutaka kuandika historia hukuta majivu. Hata hivyo, robo karne si kidogo kwa kitu kisichokuwa na mlango, na Pemba ya kusini haitaeleweka leo bila hicho kisanduku. Itabidi tuanzie mbali kidogo, kwenye madeni ya mikarafuu.

Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo. Mkarafuu una tabia yake: mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, kisha ikaja miaka ya uhaba. Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno, za kupalilia, za kuwalipa wachumaji kwa pishi, za harusi na za maziko, na fedha hizo zilikuwa madukani, kwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Kwa kuwa riba ni haramu kwa Muislamu, mkopo ukavishwa nguo ya biashara. Ilikuwa bei kheyari: mkulima "humuuzia" mkopeshaji shamba kwa kiasi cha fedha anazozitaka, akabakiwa na haki ya kulinunua tena ndani ya muda waliopatana, na wakati huo huo akaendelea kukaa shambani mwake kama mpangaji, akilipa kodi. Kodi hiyo ndiyo riba yenyewe. Muda ukipita hajakomboa, karatasi ilikwishasema kuwa shamba si lake.

Bei ya karafuu ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilishtuka. Ripoti ya 1933 juu ya madeni ya wakulima ilieleza jinsi mashamba yalivyofungwa kwa deni, na mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wakopeshaji na za kuwadhibiti wakopeshaji wenyewe. Chama cha wakulima wa karafuu, CGA, kilichoundwa 1927, kikapewa nguvu zaidi, na sheria ya 1937 ilipokipa mamlaka makubwa juu ya ununuzi wa karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, chama cha Congress kule India kikawaunga mkono kwa kuisusia karafuu ya Zanzibar, na mambo hayakutulia mpaka yalipopatikana mapatano ya 1938. Mkulima wa Pemba alikuwa ndiye mgomvi anayesemewa katika kesi hiyo, lakini hakuitwa kutoa ushahidi. Jina la chama lilikuwa la wakulima. Uamuzi haukuwa wao.

Mapinduzi ya 1964 yalifuta safu nzima ya wakopeshaji wa zamani. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ikaanzishwa 1966, na shirika la ZSTC likashika biashara ya karafuu kuanzia 1968. Vyama vya ushirika vilianzishwa, vikafa, vikaanzishwa tena. Sitaki kuvidharau, vilikuwa na watu wema ndani yake. Lakini ukiwauliza wazee wa kusini mwa Pemba juu ya ushirika wa siku hizo watakueleza juu ya duka na foleni. Mkopo wa kununulia nguo za Idi hawautaji. Mtu asiyekuwa na hati wala mshahara, mwanamke anayeokota chaza na kusuka ukili, hakuwa na pa kwenda ila kwa jirani au kwenye upatu.

Upatu basi ndio mama wa sanduku, na mama huyu bado yuko hai. Watu kumi wanachanga sawa kila wiki, kijumbe anakusanya, mmoja anapokea chote. Ni hesabu isiyohitaji kalamu. Tabu yake wanaijua wote waliowahi kucheza: zamu yako haijui kama mtoto wako amelazwa. Aliyepokea mwanzo amekopeshwa bila ya kuomba, aliyepokea mwisho amekopesha bila ya faida, na kijumbe akihama mji hakuna daftari la kumfuata nalo. Fedha ya upatu haikai mahali popote pamoja. Inapita tu.

Kitu kilichokuja kuitatua tabu hiyo kilitokea mbali na bahari. Mwaka 1991, katika jimbo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwafundisha wanawake wa vijijini utaratibu ulioitwa Mata Masu Dubara. Moira Eknes, mwanamke wa Kinorwe aliyekuwa akifanya kazi huko, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wake. Aliuchukua mchezo wa kuchangiana ambao wanawake wa Kihausa walikuwa nao, akauongezea jambo moja: fedha zisigawiwe zote papo kwa papo, zibaki, zikopwe na wanachama wenyewe, zirudi na ziada, na mwisho wa mwaka kila mmoja achukue kwa kadiri alivyoweka. Hakuna fedha ya mfadhili iliyotiwa ndani. Mradi ulitoa mafunzo, kisha ukaondoka.

Zanzibar utaratibu huo uliingia kupitia msitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 CARE ilikuwa ikishirikiana na serikali katika hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Unguja, na tatizo lilikuwa la kila siku: watu waliozuiwa kukata kuni na kuchoma mkaa watakula nini? Vikundi vya kuweka na kukopa vikaundwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na wanachama wakajiundia jumuiya yao, JOSACA. Sehemu ya historia hii inayonivutia zaidi ni ile iliyokuja baada ya mradi kufungwa. Kwa kawaida yetu, gari la mradi likiondoka na kikundi huondoka nalo. Watafiti waliorudi Unguja miaka michache baadaye, na matokeo yao yakachapishwa 2007, walikuta vikundi vimeongezeka mara kadhaa kuliko vile vilivyoachwa. Walimu wa kijijini, waliofundishwa na mradi, walikuwa wakiendelea kuunda vikundi vipya, na vikundi vyenyewe vikiwalipa. Utafiti huo ulisomwa na watu wengi wanaoshughulika na fedha za maskini, na jina la Zanzibar likaingia katika mijadala ya nchi ambazo hazijawahi kuonja karafuu yake.

Pemba ilipata jumuiya yake, PESACA, kwa mfano wa ile ya Unguja. Kisha ukaja mradi wa WEZA, kuanzia 2008 hadi 2011, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa na CARE pamoja na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA. WEZA ulitumia sanduku kama mlango: wanawake waje kwa ajili ya hisa, wakishakaa wazungumze pia juu ya udhalilishaji, talaka za ovyo na nafasi yao katika kamati za shehia. Ukaja pia HIMA, mradi wa misitu ya asili, nao ulipita njia hiyo hiyo. Siku hizi hata TASAF, inayotoa ruzuku kwa kaya maskini Unguja na Pemba, inawahimiza walengwa wake wajiunge katika vikundi vya akiba. Miradi hii haikuwa na lengo moja. Mmoja ulitaka miti, mwengine haki, mwengine lishe ya watoto. Wote walipofika kijijini walilikuta sanduku, na wote wakalikalia.

Tulitazame lenyewe kwa karibu. Wanachama ni kati ya 15 na 30, waliojichagua wenyewe. Haingii mtu kwa kupendekezwa na sheha. Kamati ina watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Funguo tatu wanazo wanachama watatu wengine wasiokuwemo katika kamati, na hukaa mitaa tofauti. Sanduku haliwezi kufunguliwa bila ya watatu hao kuonana, na wakionana, kikundi chote kimeshakaa. Mtu akiiba ataiba mbele ya macho hamsini.

Mwenyekiti akishafungua kwa dua huuliza: mkutano uliopita tulifunga na ngapi? Katibu haruhusiwi kujibu. Hujibu wanachama, kwa kichwa, kiasi cha mfuko wa hisa na kiasi cha mfuko wa jamii, na fedha huhesabiwa hadharani, noti kwa noti, zikalinganishwa na kumbukumbu zao. Asiyejua kusoma hapo hana upungufu. Kisha huitwa mmoja mmoja kwa namba, sio kwa jina. Anakuja na kijitabu chake, anaweka fedha ya hisa moja mpaka tano, na kwa kila hisa hugongewa muhuri. Vyumba vilivyobaki vitupu katika mstari huo hupigwa msalaba ili asije mtu akajigongea usiku. Aliyechelewa analipa faini. Aliyepokea simu mkutanoni anacheka kwanza, halafu analipa. Baada ya hisa hukusanywa mchango wa mfuko wa jamii, huo haurudishwi kwa mtu na hauna faida: ni wa kufiwa, kuuguliwa, kuunguliwa nyumba. Mwisho ni mikopo. Kila anayeomba husema kwa sauti anataka kiasi gani na anataka kufanyia nini, na hapati zaidi ya mara tatu ya hisa zake.

Hayo ndiyo yote, na nadhani ndiyo sababu ya kudumu kwake. Katika bei kheyari aliyejua masharti alikuwa mmoja, na karatasi ilikuwa yake. Hapa anayekopa Jumamosi hii alikaa Jumamosi iliyopita akimkubalia au kumkatalia mwenzake. Hakuna sharti lisilojulikana na wote, kwa sababu wamelitunga wote, na mwaka ukianza upya wana ruhusa ya kulibadilisha.

Kusema Jumamosi, hata hivyo, ni kusema kama mtu wa mjini. Wanawake wa pwani hii wengi hulima mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na mkulima wa mwani haongozwi na wiki. Anaongozwa na maji. Bamvua likifika, bahari ikakupwa mbali, shamba la mwani ndilo linaloita, kufunga mbegu, kukaza kamba, kuvuna, na kikao kinachopangwa wakati huo kitahudhuriwa na mikeka. Vikundi hupanga mikutano yao kwa maji mafu, na mwalimu wa mradi aliyekuja na kalenda ya ofisini alijifunza haraka.

Sasa riba. Utaratibu wa Niger ulikuja na ziada juu ya mkopo, kila kikundi kikijiwekea kiasi, na kwa kuwa ziada hiyo hurudi kwa waliokopa wenyewe mwisho wa mwaka, walimu waliona hakuna neno. Pemba neno lilikuwepo. Kisiwa ambacho karibu kila mtu amepita chuoni kujifunza Kurani kitauliza, na kiliuliza: ziada iliyopatanwa kabla juu ya fedha iliyokopwa, ikirudi kwa mimi mwenyewe au isirudi, inaitwaje? Wako waliojitoa. Wako waliobaki wakaiita ada ya huduma na kulala vizuri. Wako waliofuta ziada kabisa, mkopo ukawa kardhi hasana, na sanduku likakua kwa hisa na faini peke yake. Na wako waliorudi kwenye mlango wa biashara, lakini kwa uwazi: kikundi chenyewe hununua kitu anachokitaka mwanachama, mabati au chakula cha kuku, kikamuuzia kwa bei ya juu kidogo wanayokubaliana, alipe kwa awamu. Mimi naona njia hii ya mwisho ndiyo iliyozaa vikundi imara zaidi, na sababu si ya kifikihi tu. Mwanachama aliyenunuliwa mabati anaondoka na mabati. Hayawezi kugeuka khanga njiani.

Mabati ndiyo yanayotufikisha kwenye nyumba. Hakuna mradi uliokuja Pemba ya kusini ukisema vikundi hivi ni vya ujenzi. Wenyewe ndio waliovigeuza. Nyumba ya kawaida ya maskini hapa ni ya miti na udongo: nguzo, fito zilizofungwa kwa kamba, mawe madogo, udongo uliokandikwa, na paa la makuti. Ni nyumba yenye ubaridi mzuri na ningeitetea mbele ya mhandisi yeyote, isipokuwa kwa jambo moja: makuti hayana umri. Kila baada ya miaka michache lazima kuezua na kuezeka upya, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Maskini aliye chini ya makuti hulipia paa lake maisha yake yote na halimiliki.

Mwenye mshahara hujenga kwa mkopo wa miaka. Mwenye kisanduku hujenga kwa mizunguko. Chukua mfano wa hesabu nyepesi: hisa ya shilingi 2,000, hisa tano kwa wiki, ni shilingi 10,000, ukidumu nayo wiki 52 unavuna 520,000 kabla ya ziada yoyote. Hazijengi nyumba. Lakini zinanunua saruji na mchanga wa kufyatulia matofali, na matofali huwekwa uani yakasubiri. Mwaka wa pili msingi. Wa tatu ukuta hadi kwenye lenta, na hapo ndipo nyumba nyingi husimama muda mrefu, mipapai ikaota ndani ya vyumba, mpaka utakapofika mwaka wa karafuu nyingi ambapo kuchuma na kuchambua kunaleta fedha za kuunganisha na za kuvunja. Ndipo kenchi na mabati hupanda. Choo mara nyingi hutangulia nyumba, na huu ni uamuzi wa wanawake, waume wengi wangelianza na baraza ya mbele. Umeme wa waya wa chini ya bahari, uliovutwa kutoka Tanga na kufika Pemba mwaka 2010, uliongeza hamu: nyumba ya makuti ni shida kuitia nyaya, na mwanafunzi anataka taa.

Takwimu za umasikini Zanzibar zilishuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi 25.7 mwaka 2019/20, huku Pemba ikibaki nyuma ya Unguja kwa umbali mkubwa. Atakayedai kuwa sanduku ndilo lililopunguza umasikini huo alete hesabu zake tuzione. Bei ya karafuu, barabara na fedha za watoto walioko Unguja, Dar es Salaam na Muscat zimo pia. Ninachokubali ni kidogo zaidi: fedha iliyopita mikononi na kupotea, sasa inasimama mahali ikaonekana kwa macho.

Ng'ambo tu ya maji, Kisiwa Panza, sanduku limekwenda njia nyengine. Katikati ya miaka ya 2010 wavuvi wa huko, pamoja na mtandao wa Mwambao, walianza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue, kisha kuufungua kwa siku maalumu. Mwambao pia wakaleta mfuko wa mikopo wa MKUBA, unaofuata mtindo wa hisa lakini umefungamanishwa na kutunza bahari: mkopaji anatazamwa pia namna anavyovua. Wazo ni zuri, na linabeba hatari yake. Humo fedha ya nje imetiwa ndani ya sanduku. Ndugu zetu wa bara, ambao vikundi vyao vya VICOBA vina umri wa kukaribiana na vyetu, wana hadithi nyingi za fedha ya nje: ikiingia, wanachama huacha kuuliza tulifunga na ngapi, wakaanza kuuliza zimebaki ngapi za mfadhili.

Sanduku moja lina kikomo na lazima kisemwe. Watu 25 wanaoweza kuezekeana mabati hawawezi kununua ardhi. Chokocho tatizo hili halijauma sana kwa kuwa watu hujenga kwenye kiambo cha ukoo, bila ya kulipia kiwanja. Mjini ni mambo mengine. Dar es Salaam, upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu wa Kurasini, wenye nyumba walilipwa fidia na wapangaji wakaambiwa wahame. Vikundi vya akiba vilivyokuwemo mtaani humo, vikisaidiwa na shirika la CCI na mtandao wa kimataifa wa wakaazi wa makazi duni, vikaungana vikaunda ushirika wa nyumba wa Muungano, vikanunua ekari 30 huko Chamazi, Temeke, kwa shilingi milioni 24. Wanachama walifyatua matofali ya kufungamana wenyewe, wakaanza na nyumba ndogo zinazoweza kuongezwa vyumba, wakajengewa pia mfumo wa kusafisha maji machafu kwa mimea. Kenya, Muungano wa Wanavijiji ulioanza 1996 umetembea njia hiyo kwa miaka mingi zaidi. Haikuwa rahisi, na marejesho ya mikopo Chamazi yalichelewa sana. Lakini mpangaji aliyekuwa hana cha kudai Kurasini alipata ardhi yenye jina la ushirika wake. PESACA na JOSACA hazijawahi kufikishwa huko. Zilibaki kuwa jumuiya za kufundisha na kukagua madaftari.

Miaka ya karibuni imeleta wageni wawili. Mmoja ni simu. Huduma za fedha kwa simu zimeirahisisha kazi ya kutuma hisa kwa mwanachama aliyesafiri, jambo ambalo wakongwe hawalipendi kwani hisa bila ya sura yake si hisa, lakini simu hiyo hiyo inakopesha usiku wa manane bila ya kuuliza unataka kufanyia nini. Watu wameshaipa mikopo ya namna hiyo na ya vibanda vya mjini jina la kausha damu. Kuna wanachama wanaokopa sandukuni ili walipe simu. Mgeni wa pili ni serikali yenyewe. Tangu Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, aanze kazi, mikopo nafuu ya vikundi imekuwa mingi, na kwa kuwa sharti lake ni kikundi kilichosajiliwa, vimezuka vikundi vilivyoundwa wiki moja kabla ya fomu kutoka. Havina sanduku, vina muhuri wa mpira tu. Ukisikia kikundi kimekufa Pemba, ulizia kwanza kama kilikuwa cha aina hii.

Na kuna jambo ambalo waasisi wa Maradi hawakuliona kwa sababu hawakutarajia nyumba. Mwanamke wa Pemba anajenga kwa hisa zake, lakini anajenga juu ya kiambo cha mume. Akiachwa, desturi humrudisha kwao na begi lake, na mabati hubaki juu ya mke mwengine. Vikao vingi vya mfuko wa jamii vimegeuka vikao vya kilio juu ya hili. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 ilifungua njia kidogo: kadhi anaweza kugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa, iwapo mchango halisi wa kila upande utathibitishwa. Neno zito hapo ni kuthibitishwa. Mume atakuja na mashahidi wanaokumbuka alivyosimamia mafundi. Mke aje na nini?

Ndiyo maana katika baadhi ya vikundi kuna kawaida mpya siku ya kuvunja. Vijitabu vya hisa havichomwi tena. Kila mmoja hurudi na chake nyumbani, kimefungwa hesabu na kutiwa saini na katibu. Na wanapokwenda Mkoani au Chake Chake kununua saruji na mabati, mwenye duka akikamata kalamu kuandika stakabadhi kwa jina la bwana kama alivyozoea, humwambia asubiri kidogo, wakamtajia jina la mwenye hisa.